Upote

Alikuja na picha ya duara la rangi tano
akaniuliza, kwa Kiswahili cha mumewe daktari,
kile alichofundishwa bwenini Kharkiv kwa kubadilishana na chai,
kama naweza kusuka godoro lisilolaliwa.

Nikamwambia: mama, mimi miaka kumi na tisa kiwanda cha kamba,
korona ikinguruma hadi siku ilipozimwa,
katani haijanishinda. Sema unene.
Akapima kwa kiganja. Mshale uingie,
usichungulie upande wa pili.

Basi nikasuka, uani kwangu, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
majirani wakiuliza jamvi zito hivi ni la msiba wa nani.

Jina lake Myroslava. Mtaani halikukaa mdomoni;
wakamwita Mama Mishale, akaitika.
Kiwanja cha shule, mbuzi hufukuzwa kwanza
ndipo mita sabini hupimwa.
Wasichana saba, mmoja mtoro.

Medali zake ziko kabatini kwa mama yake, Chernihiv,
kama kabati lingalipo.
Mimi humsoma kwa matundu.
Kila Jumatatu huletewa shabaha niishone:
ya wanafunzi imetawanyika kama tetekuwanga,
yake ni donda moja, katikati, ngumi ya mtoto.

Alinisimulia nikishona.
Ana miaka kumi na mmoja, mwalimu akamchagua kwa kusimama tu:
wenzake walijikuna, yeye hakujikuna.
Miezi minne akavuta mpira wa baiskeli
kabla ya kuonjeshwa mshale.
Theluji. Vidole kupasuka. Timu ya taifa, kumi na tisa.
Kisha mji wa ugenini, shaba ikigombaniwa, pointi sawa,
mshale mmoja mmoja wa kuamua,
yeye na msichana wa Korea mwenye mafua.
Mwamuzi akainama na kioo cha kukuzia,
akainama tena.
Unene wa ukucha.
"Wa nne," akasema, "ndiye anayewashikia wenzake makoti
wakipigwa picha."
Akacheka. Sindano ikanichoma mimi.

Akarudi miaka sita mfululizo kuutafuta ukucha ule
mpaka bega likakataa,
likakataa kwa mlio, asema, kama kuni mbichi.

Nami nikampa nilichokuwa nacho, maneno ya babu yangu Mzigua:
podo, hilo begi la mishale;
wano, mti wake;
kigumba, jino lake;
upote, huo uzi.
"Upote?" akashtuka. "Nipotee wapi?"
Nikamwambia lugha yetu ndivyo ilivyo,
uzi na kupotea vimelala kitanda kimoja.
Aliandika kwenye kiganja kwa kalamu.

Jumatano ile hakukuwa na mazoezi.
Nilipeleka kamba, nikamkuta peke yake uwanjani,
simu kaitupa kwenye nyasi, uso chini.
Hakuvaa podo.
Akanyanyua upinde mtupu,
akavuta hadi upote ukamgusa kidevu,
akakaa hivyo. Nilihesabu tisa, kumi, kumi na mbili.

Nilishafunzwa: upinde usio na mshale hauachiwi.
Ukiuachia, nguvu yote humrudia mwenyewe
na mti hupasuka mkononi.
Kuuvuta ni kazi; kuurudisha polepole,
bila kupiga chochote,
kwa bega lile,
sijui niite nini.

Akaurudisha.
Akavuta tena. Mara tatu.
Kisha akaniuliza bei ya kamba.
Nikamtajia ya zamani.

Jumatatu vijana wakaniletea shabaha yake kwa mkokoteni,
haina tundu jipya, hata moja.
Niliigeuza huku na huku kama mtu aliyepewa barua
na hajui kusoma.
Nikatunga uzi sindanoni hata hivyo.
Yule mtoro akasimama mlangoni,
kiatu kimoja mkononi,
akauliza kama leo Mama Mishale yupo.
Yupo, nikasema. Nenda.
Usijikune.