Masizi

Mchana natengeneza simu za watu, Kanyenye.
Usiku, mtaa ukishazima redio zake,
nazitoa injini zangu kabatini
nazilaza chali juu ya taulo, moja moja,
kama watoto wachanga wanaosubiri mizani.

Hii gia yake imevunjika jino.
Hii inatembea hatua tatu, inagoma
mpaka uipige kofi la mgongoni.
Ile ya kijani nimeiunda mwenyewe:
tumbo kopo la maziwa, sakafu mninga,
mota imetoka kwenye deki ya Shija iliyofia harusini,
magurudumu kanikerezea fundi mmoja wa Isevya
huku akinicheka, lakini kwa vipimo kamili.
Komeo la mlango ni sindano iliyopindwa.
Mabomba ya breki, nyuzi za chaja.
Kwenye picha nilihesabu skrubu za ubavuni,
arobaini na moja, nikazitia zote,
kila moja tone la gundi kwenye ncha ya mwiba.
Ya arobaini na mbili ilifichwa na kivuli.
Sikuitia. Mtu hazui skrubu.

Nikamwita Bi Nyamizi aje aione,
maana marehemu mumewe, Mzee Luhende,
ndiye aliyeiendesha ile kubwa, Tabora hadi Kigoma,
miaka kumi na tisa.
Akaketi. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa.
Nikabonyeza swichi. Taa ya mbele ikawaka, punje ya mtama.
Ikazunguka meza mara mbili bila kukohoa.
Nikasubiri kusifiwa.

"Nzuri," akasema. "Lakini siyo yenyewe."
"Namba ndiyo hiyo, Bi."
"Namba ndiyo. Ila hii imeoga."

Akanyoosha kidole, hakugusa.
Hapa, chini ya dirisha la dereva, rangi ilikwisha,
kiwiko chake kiliilamba toka Urambo mpaka Uvinza.
Hapa palibonyea: ng'ombe, karibu na Usinge, usiku,
na mwenye ng'ombe alinifuata mpaka nyumbani kudai,
akanywa chai, akasahau kudai.
Huku juu masizi. Masizi hasa, mwanangu.
Mashati yake nilifua kwa maji matatu
na ya nne bado yalitoka na rangi ya chungu.
Kisha akaitazama ngazi ndogo ya nyuma
muda mrefu kuliko ngazi inavyostahili.
Sikuuliza.

Alipoondoka nilibaki na brashi kavu mkononi.
Miezi saba nilikuwa nimeisaka ile kijani,
nikichanganya vikopo, nikilinganisha na chupa, na jani,
na koti la shule la binti yangu.
Sasa nijifunze kuharibu.

Kuharibu nako kuna adabu yake.
Kutu ni misumari iliyolala siku tatu kwenye siki.
Vumbi ni la kweli, la nyuma ya stesheni,
nimelichekecha kwa leso.
Masizi niliyakinga kwa kijiko juu ya kibatari,
nikayapaka kwa kidole, toka kwenye dohani kwenda nyuma,
kwa maana moshi nao unajua safari ilielekea wapi.
Mbonyeo nilipiga mara moja, kwa kitako cha bisibisi,
nimefumba macho.
Rangi ya chini ya dirisha niliisugua kwa dole gumba
kila usiku, nikisikiliza taarifa ya habari. Wiki tatu.
Kiwiko hakina njia ya mkato.

Jumapili nikaibeba hadi kwake Cheyo, kwenye boksi la viatu.
Hakuvua miwani. Hakusema ndiyo, hakusema siyo.
Mara hii aliigusa,
akakitazama kidole: cheusi.
Akainuka akanawe, akafika mlangoni,
akarudi, akaketi nacho vilevile.

"Ile ngazi," akasema, "kipandio cha pili kililegea.
Miaka yote alikuwa akikiruka,
isipokuwa siku moja."

Nikatoa bisibisi. Nikalegeza kidogo,
robo ya robo.
"Zaidi," akasema.