Kulungu wa Pili

Mwenye macho haambiwi tazama.
Mimi niliambiwa,
majira mawili ya baridi, kila alfajiri,
ndani ya lori la maziwa kutoka Shibecha hadi Nakashibetsu,
na Orito Tsugio kando yangu akitafuna ngisi mkavu.
Hakuwa na salamu mtu yule.
Alikuwa na swali: Unaona nini?

Naona barabara.

Barabara haijaua mtu. Unaona nini?

Basi nikajifunza.
Moshi mweupe nyuma ya rundo la theluji, langoni pa shamba:
pana injini inayounguruma, pana mtu atakayetoka kinyumenyume
na kioo chake bado kimevaa barafu.
Mguu utoke kwenye mafuta sasa.
Sasa, Chikage, si ukishamwona.

Basi la shule limesimama.
Achana na basi. Inama, chungulia chini yake,
kati ya magurudumu,
uhesabu viatu.

Daraja huganda kabla ya barabara,
maana upepo hulipiga mgongoni na tumboni.
Na pale kwenye kivuli cha misonobari,
lami inapong'aa kama imetoka kuoshwa,
hapajaoshwa.

Mama anayechota theluji kwa koleo,
kofia imemfunika masikio:
yeye hakuoni, hakusikii.
Ona kwa ajili ya wawili.

Tena alinikumbusha mzigo wangu.
Maziwa yana safari yake humo tangini;
wewe ukifunga breki, yenyewe hayajafunga,
huja nyuma yako kama bega la ng'ombe
na kukusukuma pale ulipokataa kwenda.
Ndiyo maana jicho litangulie.
Jicho halina uzito.

Siku moja kulungu akaruka mbele yetu,
mwepesi, pembe zimebeba theluji,
akapotea upande wa pili. Nikashusha pumzi.
Usipumue, akasema. Huyo amekwisha pita.
Wa pili yuko wapi?
Nikatazama alikotoka yule wa kwanza:
wa pili huyo, shingo mbele, miguu tayari.
Na nyuma yake mdogo, asiyejua lolote.
Tulisimama hadi njia ikawa tupu,
kisha tukangoja tena kidogo.

Tulipofika darajani akavua kofia, kama kawaida yake.
Sikuwahi kumuuliza.
Siku hiyo alisema bila kunigeukia:
Mimi nilimtazama wa kwanza.
Akarudi kwenye ngisi wake.

Sasa naendesha peke yangu.
Juu ya nguzo mishale inaning'inia,
ikielekeza ukingo uliozikwa na theluji:
hapa ndipo barabara inapokoma.
Anayevuka hana mshale.

Jumanne iliyopita, kabla ya kona ya ghala la nyasi,
niliona glavu. Nyekundu, ya mkono mdogo,
imelala katikati ya njia, haijafunikwa
ilhali theluji ilikuwa ikianguka.
Haijafunikwa.
Mguu ulitoka kwenye mafuta kabla sijafikiri,
gia moja chini, gia nyingine,
maziwa yakanisukuma, nikayakatalia,
na nilipokata kona nikitambaa,
mtoto akaporomoka juu ya kigari chake cha theluji
kutoka kwenye tuta hadi barabarani,
akacheka, akasimama, akanipungia mkono usio na glavu.

Basi. Hakuna zaidi.
Ajali isiyotokea haina shahidi,
haina mkanda wa polisi wala shada la maua nguzoni.
Kiwandani walipima maziwa, digrii tatu, safi.
Kwenye daftari, safu ya matukio,
niliandika: Hakuna.
Kisha nikarudi ndani ya lori lililozimwa
na kuushika usukani
mpaka mikono ilipoacha kutetemeka.

Ile glavu nilikuwa nimeichomeka juu ya mti wa alama,
vidole vikitazama mbinguni.
Jioni nilipita tena, polepole.
Haikuwepo.
Nikaendelea kutazama nyuma ya tuta.
Huenda ana ndugu.