Kulia Nne, Jiwe Ndani

Tuliikuta Ngaramtoni, imegeuzwa banda la kuku:
Datsun ya kijani, mia na sitini jei,
na mtetea mwekundu ameatamia kwenye kiti cha dereva
kama mwenye leseni.

Mama Ndeseriani akataja bei ya gari,
kisha, kando, bei ya mayai kumi na moja
ambayo kwa sababu yetu hayatatotolewa.
Kaka yangu Elisaria akalipa vyote.
Mimi nikaandika risiti: mkweche mmoja, mayai kumi na moja.

Miezi kumi na minne, Unga Limited,
uwanjani kwa Fundi Mbazi, nyuma ya mashine ya kusaga,
ambako unga hushuka taratibu juu ya kila kitu.
Tukapiga msasa, tukapuliza. Unga ukarudi.
Rangi ikakauka nao;
ukiipapasa boneti gizani
utadhani mgongo wa mtoto mwenye harara.
"Acha," akasema Elisaria. "Iwe na alama ya kwao."

Sakafu ilikuwa kutu tupu.
Mbazi akakata bati la pipa la alizeti, akaliunga kwa moto mwembamba.
Kabureta ilitoka Moshi, kwa mtu wa Pasua aliyeapa ni mpya.
Gasketi ilivuka Namanga imeviringishwa ndani ya kanga.
Taa ya kushoto haikupatikana popote duniani.
Tukafunga ya pikipiki. Inakonyeza.

Watu walisema: pesa hizo ungenunua ng'ombe.
Mama alikuja na loshoro kwenye ndoo ndogo,
akalitazama gari upande huu, upande ule, akauliza:
"Na huyu, anakamuliwa wapi?"

Siku moja, mikono ikinuka petroli, nilimuuliza kaka
kwa nini ahangaike na gari lililomzidi umri.
Alikuwa chini yake, naona viatu tu.
"Hili ukilisikiliza linakujibu," vikasema viatu.
"Ya siku hizi yanakuwashia taa,
uende ukamwulize mwenye kompyuta."

Julai, saa moja asubuhi, Oldonyo Sambu.
Mlima Meru umejifunika hadi shingoni.
Wenye magari mapya walishapita,
sisi wa mikweche tukaachiwa vumbi lao, bado la moto.
Bendera ikashuka.

Kulia nne, jiwe ndani.
Mia moja. Korongo, usishike breki.
Kushoto tatu, inabana, inabana,
inafunguka. Kanyaga!
Injini ikaimba kwa koo la pipa la alizeti,
meno yangu yakagongana, daftari likaruka magotini,
na mimi, karani wa kodi, nikapiga vigelegele kati ya kona na kona.

Ndipo kwenye tundu la hewa, lile tulilolisafisha mara tatu,
ukachomoka unyoya mwekundu.
Ukaelea kati yetu bila haraka yoyote,
ukatua daftarini, juu ya kona inayofuata.

"Nini mbele?" akapaza sauti. "Nini mbele?"
Nikasema nilichokiona:
"Kuku!"

Akafunga breki zote kwa ajili ya kuku ambaye hakuwepo.
Tukateleza ubavu, tukaingia shambani kwa maharage ya mtu,
injini ikazima.
Corolla ya Mrina ikatupita. Starlet ikatupita.
Elisaria alikuwa amelalia usukani, mabega yakitetemeka;
nilidhani analia, mpaka nikamsikia.

Tulikuwa wa tisa. Tulikuwa kumi na moja,
na wawili hawakufika.

Jioni, tukiwa bado na rangi ya vumbi, tulipitia Ngaramtoni
kulipa maharage.
Mama Ndeseriani akaizunguka Datsun, akaipapasa harara yake.
Hakuuliza tumekuwa wa ngapi.
Mlango wa dereva ulikuwa wazi.
Mtetea akaja kwa hatua za trafiki, shingo mbele,
akakagua tairi moja, akakagua la pili,
akaruka ndani, akajizungusha, akakaa.

Elisaria akasimama nje, ufunguo mkononi,
akingoja zamu yake.