Sekunde Kumi na Moja

Bi Sikudhani kapanda ngazi zangu Magomeni Mapipa,
flashi ameifunga fundo kwenye leso
kama hela ya mchezo.
"Mtoe Kibwana. Kila alipo.
Harusi ilikuwa ya mwanangu, si yake."
Harusi ina mwaka. Talaka, miezi minne.

Feni inalalamika. Nakata.
Kibwana mlangoni na kanzu rangi ya maziwa: toka.
Kibwana akifungua soda kwa meno: toka.
Kibwana anamtunza bibi harusi,
noti mojamoja kipajini, kama abandikaye stempu:
toka, na noti zako.
Picha hufunga kidonda upesi,
hata kovu huoni.

Ila nimeng'oa picha tupu,
sauti nimeiacha ilipolala.
Sasa mshereheshaji anafumbua kinywa, kinalia kichanga.
Shangazi anapiga vigelegele midomo imefumbwa.
Wapiga tarumbeta wanakula wali,
na tarumbeta zinalia.

"Hawa wamerogwa?"
Hawajarogwa, mama.
Ukipunguza mguu mmoja wa suruali
punguza na wa pili.

Narudi mwanzo. Navifunga pamoja,
picha juu, sauti chini, wembe mmoja.
Fremu ishirini na tano kwa kila sekunde;
nikiteleza moja, nani atajua?
Nikiteleza sita
mtu anaonekana mwongo kwenye harusi yake.

Tunafika saa ya pili, dakika ya nane.
Kibwana kashika kipaza sauti, anasimulia
alivyokwenda kuposa akapotea njia,
akaposa nyumba ya jirani.
Pembeni yake bibi mmoja wa mtandio wa kijani
anacheka mpaka anashika ubavu.

Wembe wangu uko hewani.
"Ngoja," anasema Bi Sikudhani. "Rudisha."
Narudisha.
"Tena."

Ni mama yake. Wamemzika Kisutu,
arobaini imepita juzi.

Kipaza sauti kilikuwa kimoja.
Kicheko kimeingia ndani ya maneno ya mkwe
kama nazi kwenye wali, nani ataitoa?
Nikimkata huyu, namkata na yule.
Chini barabarani muuza kahawa anagonganisha vikombe,
hatuna la kusema, tunavisikiliza.

"Sauti iache," anasema mwishowe.
"Yeye mfunike."

Natafuta cha kumfunikia. Napata sinia la pilau,
mikono ya watoto ikigombea mnofu.
Nalilaza juu yake sekunde kumi na moja:
Kibwana anaposea ndani ya wali, haonekani,
na naondoa sinia pale pale, fremu ile ile,
mtandio wa kijani unapotikisika.
Kicheko kinatoka, mdomo unakikuta.

Amelipa nusu. Nusu mwisho wa mwezi.
Amefunga fundo lake, ameshuka.
Nikasikia mtu anacheka kwenye ngazi,
au ni spika, sikumbuki kama nilizima.