Vikapu Viwili

Nilifika nyumba ya shangazi Helju mwezi Novemba
na funguo mbili, sanduku, na ujinga wa mtu wa ghorofani
aliyezoea joto kujiingilia lenyewe ukutani
kama mshahara.

Jiko lilisimama katikati ya nyumba,
matofali toka sakafuni hadi dari,
vyumba vyote vimeliegemea
kama watoto wagonjwa.
Nikalishindilia kuni, nikawasha.
Moshi ukageuka, ukaja kunisalimu mimi.

Wiki ya kwanza tulipigana.
Niliamka saa tisa za usiku kulilisha,
nikapuliza hadi kizunguzungu,
magazeti ya marehemu yakaisha, hata yale ya vita,
na asubuhi maji ya paka yakawa na utando wa barafu.

Ndipo Kalju akavuka uwanja, theluji magotini,
hakubisha hodi. Aliweka kiganja juu ya tofali
kama mtu apimaye homa.
"Unalilisha kama mbuzi," akasema.
"Hili ni ng'ombe. Hula mara moja,
kisha likakaa kucheua."

Vikapu viwili, basi. Kimoja kabla hakujapambazuka
(na huku Desemba kupambazuka ni uvumi tu),
kimoja saa kumi, giza likirudi.
Kwanza gome la betula, jeupe, lenye mafuta,
linaloshika moto hata likiwa limelowa;
halafu msonobari, mwembamba, mgomvi, wa kupasuka-pasuka;
halafu ule mti wa kandokando ya mto
ambao ukikatwa hutoka damu ya rangi ya chungwa.
Betula nene mwishoni. Mlango wazi kidogo,
upana wa kidole cha mwisho.

Kisha akanionyesha kibati cha bomba,
kile kinachovutwa kama droo.
"Hapa usiwe na haraka."
Tulikaa kwenye vigoda, tukatazama makaa.
Mwali wa buluu ulitembea juu yake, mwepesi,
kama mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha.
"Bado," akasema.
Nikamwambia joto linapotea.
"Acha lipotee. Bado."

Sikuelewa hadi siku nilipopita makaburini:
Endel na Virve, ukoo wa Kalju, jiwe moja,
tarehe moja ya kufa, ya Januari.
Nilisimama pale hadi vidole vikafa ganzi.

Sijui ni lini mikono ilijifunza bila mimi.
Labda Februari, ile wiki ya digrii ishirini na nane chini ya sufuri,
misumari ya ukutani ilipolia usiku kama bunduki.
Nilijikuta nimesimama bandani na taa kichwani,
nikigonganisha vipande viwili nisikie:
kikavu hulia kama kengele,
kibichi hujibu kama tumbo.
Sikukumbuka kuamka. Sikukumbuka kuvaa viatu.
Nina jivu katika mistari ya viganja,
haliondoki kwa sabuni; nimeacha kulisugua.
Linalobaki hunyunyizwa njiani, juu ya barafu,
ili mwenye barua asivunjike nyonga.
Nywele zangu zina harufu.
Mjini, kwenye basi, msichana mmoja alinisogelea,
akafumba macho.

Machi, theluji ikianza kuoza,
nilimkuta Kalju akipasua magogo.
Nikamwuliza, zitatosha msimu ujao?
"Hizi ni za ule unaofuata.
Betula hutaka miaka miwili ya upepo."
Ana themanini na tatu.
Akaweka gogo jingine juu ya kisiki,
akalizungusha hadi akauona ufa alioutaka.
Nami nikaanza kupanga,
gome juu, mvua iteleze.

Usiku ule nilipiga magoti mbele ya mlango wa chuma
kama kawaida. Si sala.
Makaa yalikuwa mekundu, yametulia,
mkono wangu tayari uko kwenye kibati.
Halafu pembeni kabisa, nyuma, kidogo tu,
buluu.

Bado.