Mfereji wa Saba

Kwetu Makupa, mfereji ni wa kufungulia maji,
japo ukiufungua huguna, hutoa upepo.
Kwa mkwe wangu, Mzee Mghendi, mfereji ni tundu
tumboni mwa ukuta wa zege, huko bara,
lililoachwa makusudi ili bwawa lipumue.
Miaka thelathini na moja aliinama gizani na kurunzi,
kopo la lita moja, saa ya kubonyeza,
akihesabu: limejaa kwa sekunde ngapi?
Mfereji wa kwanza, kumi na nne.
Wa pili, tisa.
Akaandika. Akapanda vidato mia mbili na sita.
Kesho yake akashuka.

Sasa yuko kwangu, magoti yamekwisha,
na ukuta wa chumba chake hauna raha.
Kila ufa ameutia alama ya penseli, huku na huku,
na tarehe kando, kama kadi ya kliniki.
Nilinunua simenti nusu kilo, nikaikoroga kwenye sahani.
"Usipoziba ufa," nikaanza,
akanikata: "Ukiuziba, hujui unakwenda wapi.
Upime kwanza, mwanangu.
Methali hiyo ilitungwa na fundi mwenye haraka."

Watu, husema, huogopa ukuta unaolia.
Ukuta mzee hulia, ndiyo kazi yake;
chokaa huutoka mashavuni kama chumvi ya jasho.
Maji yakija meupe, andika, nenda kale.
Yakija na rangi ya chai, yamebeba udongo:
piga simu, usingoje kuvaa viatu.
Na yasipokuja kabisa?
Hapo hunyamaza. Hutazama pangaboi.

Juzi usiku stima ilipotea, Makupa hadi Sparki.
Pangaboi likazunguka la mwisho, likasimama,
unga wangu wa mahamri ukaumuka kabla ya wakati.
Majirani walilaani kampuni. Yeye aliketi wima kitandani,
akasema gizani, "Wamefungua milango.
Au milango imekataa kufunguka."
"Baba, ni transfoma."
"Huenda."

Asubuhi simu ililia: injinia mpya, Nthenya,
sauti changa, nyuma yake kitu kinanguruma.
Amekuta madaftari kabatini, anauliza
habari za mfereji wa saba. Mkavu tangu Machi.
Wakubwa wamefurahi, wameandika: umepona.
Nikaona mkono wa mzee ukitafuta penseli.
"Haujapona, binti. Umezibwa koo.
Maji hayaendi likizo. Yako chini ya ukuta,
yanaunyanyua nyayo. Zibueni.
Na kina kishushwe leo, si baada ya mkutano."
Simu ikakatika; salio, mtandao, sijui.

Mkokoteni ukapita na mitungi, shilingi thelathini mmoja,
nikachukua miwili. Yeye aliyelea ziwa zima
akanawa uso kwa kikombe kimoja, hakumwaga tone.
Kisha akaomba kopo, na saa yake,
akajikokota na kigoda hadi uani,
mbele ya mfereji wetu
ambao haujatoa kitu tangu Jumanne.
"Baba, huo hauna maji."
"Najua," akasema, akabonyeza saa.
"Ndiyo maana nauangalia."