Chupa Namba Nne

Fidelina amezivika chupa magazeti,
akazifunga kwa mipira, akazipa namba kwa wino mwekundu,
moja hadi saba. "Asichungulie mtu," anasema,
na tangu utotoni sauti yake ni ya hakimu asiye na mahakama.

Nje, Pueblo imefunikwa na theluji ya tatu ya Januari,
mabomba yamenuna. Ndani tuko wanne,
bakuli la chipsi za mahindi pana kama beseni,
na glasi za maziwa za kuzimia moto.

Tumekuja kumtafuta mama.
Hakuna aliyelisema hivyo. Tulisema: miezi kumi na mmoja sasa
hatujaonja salsa yake, na hakuiandika popote,
hebu tuone kama dukani yupo hata binamu yake.

Namba moja ni maji yaliyosikia habari za nyanya.
Crescencio anachovya, anatafuna, anaangalia dari.
"Hii," anasema, "ni ya mtu aliyetoka kupasuliwa."

Namba mbili ina sukari. Sukari!
Baltazar, aliyezoa theluji barabarani usiku kucha,
anaisukuma sahani kama aliyetukanwa.

Namba tatu yaja kimya. Unameza, unajiuliza mbona,
kisha inapanda kooni kama deni la zamani,
masikio yanawaka, Fidelina anapiga chafya tatu,
maziwa yanamwagika, tunacheka mpaka
Crescencio anafuta machozi na hasemi ni ya nini.

Namba nne.
Hapa mimi nanyamaza.

Maana ni mimi, kitinda mimba, niliyebeba mifuko.
Jumamosi asubuhi, mama ametoka zamu ya usiku,
kufua mashuka ya hospitali, vidole vimekunjamana,
tulipita safu ya sita, rafu ya chini kabisa,
pale mtu anapoinamia bei nafuu.
Chupa mbili, kifuniko cha kijani. Nyumbani
alizimimina kwenye kinu cha jiwe cha bibi,
akakamua ndimu, akakatakata giligilani,
akagonga mchi mara tano, sita, ili jirani asikie.
Chupa tupu nilizizika kwenye pipa, chini ya magazeti.
"Nereida," aliniambia mara moja tu, "mikono ikichoka
mdomo hauna haja ya kueleza."
Siri ya mtungi aijuaye kata.
Kata ni mimi.

"Ina ladha ya kiwanda," anasema Fidelina.
"Siki imefika kabla ya nyanya," anasema Baltazar.
Anaipa mbili kwa kumi, anafuta, anaandika moja.
"Mama angeimwaga," anasema Crescencio,
"angeimwaga na chupa yake."

Nachovya. Bila ndimu, bila jiwe,
ni kweli, siki imetangulia.
Lakini nyuma ya siki, ulimi ukikaribia kumaliza,
upo ule moshi mdogo wa pilipili iliyobabuliwa
niliokuwa nikiulamba kwenye kifuniko cha kijani,
miaka tisa, juu ya kigoda, mlango umefungwa.
"Na wewe?"
"Tatu," nasema. "Nimeipa tatu."

Tano ilikuwa na maharage meusi, tusiizungumzie.
Saba hata sikumbuki.
Imeshinda namba sita, ya bei ghali, lebo ina mchoro wa punda,
imepikwa mbali na watu wasiomjua mama.
Baltazar amefumba macho, anatikisa kichwa polepole:
"Ndiyo. Ndiyo yeye." Nami ni nani nimnyang'anye?

Jioni wanagawana zilizobaki.
Namba nne haina mwenyewe.
Nairudishia gazeti lake, naitia mfuko wa koti,
inanigonga ubavuni ngazi zote saba za baraza.
Ndani ya gari, nikingoja kioo kiyeyuke barafu,
nakumbuka nyumbani sina ndimu.
Nakata kona kuelekea dukani.